Mbwa wa Kadzo na Waya Usio na Mwenyewe

Huko Matsangoni, upande wa juu unaopakana na msitu, mtu hampi mbwa jina la bure. Jina la mbwa ni barua kwa jirani. Ukiwa na neno lako na mtu, unampa mbwa jina, kisha kila jioni unasimama uani na kumwita kwa sauti. Mwenye masikio asikie.

Mbwa wa Kadzo aliitwa Tutaonana. Jina hilo alipelekewa Jefwa, shemeji yake, mdogo wa mumewe. Jefwa alikuwa amesogeza mpaka wa shamba kwa hatua mbili, tena mchana kweupe. Aliposikia jina la mbwa, alinuna mwaka mzima. Halafu akaacha kununa, maana mbwa mwenyewe alimfaa. Tutaonana alilinda shamba la Kadzo na la Jefwa pia. Hakuna aliyewahi kumwonyesha mpaka. Nguruwe mwitu akikohoa msituni, mbwa huyo alikwisha kujua kama ni mafua au kifua. Na akibweka, nyani wa Gede waliteremka mitini kuuliza kumetokea nini.

Ulikuwa mwaka 1986. Mahindi yalikuwa yametoa ndevu, na huo ndio wakati nguruwe huyapenda zaidi.

Jumatano asubuhi, Kadzo alitia ukoko wa sima kwenye kifuu cha nazi. Mbwa hakuja. Akamwita. Kimya. Siku ikapita. Alhamisi alipokwenda shambani, alikuta mistari minne ya mahindi imelazwa chini na kutafunwa. Nguruwe walikuwa wamekula bila mtu wa kuwauliza.

"Mbwa ametoroka," alisema Lewa, mumewe, huku akichokonoa meno. "Mbwa ni mbwa, Mama Priscilla. Ameona jike huko Uyombo."

"Tutaonana hatoroki," Kadzo akajibu. "Siku ya palizi mwenye kutoroka hapa ni wewe."

Akajifunga leso kiunoni, akashika njia. "Tutaonana! Tutaonana wee!"

Jefwa alitoka nyumbani kwake macho yamemtoka. "Shemeji, hata asubuhi hii? Nimekukosea nini tena?"

"Sikuiti wewe, namtafuta mbwa. Hebu niambie, umetega mitego kule kichakani?"

"Mimi? Nitege mitego? Serikali imekataza kuwinda tangu mwaka wa sabini na saba. Tena mimi ni mtu wa kanisa."

Alisema hivyo huku akitazama kucha za miguu yake.

Kadzo hakungoja. Aliingia kwenye kichaka kilicho kati ya mahindi na msitu. Hapo akasikia mkoromo mdogo. Mbwa wake alikuwa amelala kwenye udongo alioufukua kwa kuzunguka na kuzunguka. Waya ulikuwa umembana mguu wa nyuma. Mguu ulikuwa umevimba kama muhogo, na waya umezama ndani ya nyama. Kadzo akapiga ukemi kuita watu.

Lewa na Jefwa wakaja. Lewa hakuuliza. Alimshika mbwa kiunoni, akavuta. Waya ukazidi kukaza. Mbwa, kwa maumivu, akamng'ata mkono.

"Ana kichaa!" Jefwa akapiga kelele. "Tazama mapovu! Ondoka, shemeji, nimmalize!" Akainua rungu.

Kadzo akasimama kati yao. "Thubutu! Anza na mimi. Alipolinda mahindi yako hakuwa na kichaa, leo amenaswa ndiyo anacho?"

Kengele ya baiskeli ikalia njiani. Alikuwa Mwikali, mtumishi wa idara ya mifugo, mzaliwa wa Machakos. Alikuwa akienda kuwapa mbuzi dawa ya minyoo. Watu walimwita bwana mifugo ingawa alivaa gauni, naye alikwisha kuchoka kuwasahihisha.

"Weka rungu chini," Mwikali alisema. "Hata mimi ningefungwa waya hivi bila maji, ningewang'ata nyote. Ila kichaa cha mbwa si mchezo, kwa hiyo hatubahatishi. Baba, mbwa huyu amechanjwa?"

"La," Lewa akasema.

"Hilo ni kosa la kwanza. Kimbia nyumbani. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano kamili. Kisha nenda hospitali leo hii. Usipake jivu, wala usifunge majani."

"Kwa kidonda hiki kidogo?"

"Kichaa kikishaanza kwa mtu, hakuna daktari wa kukitoa. Nenda!"

Lewa akaenda, na kwa mara ya kwanza tangu palizi alikwenda mbio.

Mwikali akatoa gunia na koleo kwenye baiskeli. "Mama, usimvute. Ukivuta, waya unakaza. Tunamfunika kichwa kwa gunia, atulie. Nipe kipande cha leso tumfunge mdomo kidogo, pua ibaki wazi. Sasa tunamsogeza polepole kuelekea kwenye mti uliofungwa waya. Unaona? Umelegea."

Koleo likalia: ka! Waya ukakatika. Mwikali akamfungua mbwa mdomo, akarudi nyuma.

"Atapona?" Kadzo aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Vidole viwili vimekufa. Mguu nadhani utabaki. Umwoshe kwa maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo. Nitamletea sindano. Mfunge nyumbani kwa kamba, tumwangalie siku kumi. Akibadilika, niite, usimguse."

Kadzo akauokota ule waya ili autupe. Mkono wake ukasimama. Mwisho wa waya ulikuwa umezungushiwa kitambaa chekundu, kimeshonwa kwa uzi mweusi. Aliushona yeye mwenyewe, waya usichane nguo.

Huo ulikuwa waya wake wa kuanikia nguo. Ulipotea Pasaka. Lewa ndiye aliyepiga kelele kuliko wote kuhusu mwizi. Alimlaani mwizi huyo, na vizazi vyake vya mbele, na vya nyuma pia.

Lewa alirudi kutoka hospitali mchana, mkono umefungwa. Alisema sindano aliyochomwa ilikuwa ndefu kama mchi wa kinu. Kadzo akauweka waya mapajani pake.

"Tangu Pasaka naanika nguo kwenye miiba! Sare ya Priscilla imetoboka kama chujio! Kumbe mwizi nampakulia sima kila siku!"

"Mama Priscilla, niliwategea nguruwe..."

"Na waya unajua kusoma? Uliuandikia 'nguruwe tu'? Mbwa anakesha kwenye umande kwa ajili ya mahindi yako, nawe unamtegea kitanzi! Kama angepita Priscilla kuokota kuni?"

Mwikali, aliyekuja na sindano, akasema kwa upole, "Waya hauchagui, baba. Hunasa mbwa, mbuzi, hata mguu wa mtoto. Wewe ukisahau, wenyewe hausahau. Tena ni kosa la jela. Ulitega mitego mingapi?"

"Minne."

"Na wengine?"

Jefwa, aliyekuwa mlangoni, akaanza tena kutazama kucha zake.

Jumamosi walipita kichakani wote, hatua kwa hatua, na fimbo mkononi. Walitoa mitego thelathini na saba. Kadzo aliitundika yote kwenye ua wake. "Mwenye waya aje aseme wangu!" akatangaza njiani. Hakuna aliyekuja. Jefwa alipita mara tatu, akiutazama waya mmoja wa breki na kuguna. Baiskeli yake haikuwa na breki tangu Krismasi, na kila mtu alijua.

Basi Mwikali akawaonyesha kazi ya zile nyaya. Walifyeka kichaka kilichogusa mahindi. Wakaunganisha nyaya, wakazikaza pande zote za mashamba mawili kimo cha goti, wakatundika mikebe mitupu yenye kokoto. Nguruwe akigusa, mikebe inalia. Mbwa anabweka. Watu wanatoka na ngoma na mienge. Hakuna anayenaswa, na hakuna anayekula.

Siku kumi zilipita, mbwa akiwa mzima. Mwikali akamchanja, yeye na mbwa wote wa upande ule, na Lewa akamalizia sindano zake. Siku hizi Tutaonana anapata sima yake kamili, asiende kujitafutia msituni. Anachechemea, lakini masikio hayachechemei. Msimu ule Kadzo alivuna magunia tisa, na Jefwa saba. Jefwa akarudisha hatua moja ya mpaka. Ile ya pili bado anaifikiria.

Waya mmoja tu Kadzo alikataa kuutoa. Lewa aliukaza mwenyewe uani, ukiwa na kitambaa chake chekundu, na sare ya Priscilla ikaning'inia juu yake. Na jioni Kadzo akisimama uani na kuita "Tutaonana!", wawili huitika: mbwa kwa mkia, na Lewa kwa kuinuka upesi kwenye kiti kwenda kukagua mikebe.