Kikombe Kinachorudi Kimejaa

Ukiingia katika ua ule asubuhi, kitu cha kwanza kukukaribisha ni shuka. Shuka nyeupe za nyumba za wageni zimeanikwa kutoka ukuta hadi ukuta, na ukitaka kumsalimu mtu lazima uinamishe kichwa upite chini yake. Nyuma ya shuka hizo utamkuta mwanamke ameinamia karai, povu limempanda hadi kwenye viwiko. Wapangaji wenzake humwita Mama Dobi. Ua mzima ulikuwa umejaa maji yake. Palikuwa na maji ya mapipa, maji ya madumu, maji ya kusuuzia, na maji machafu ya sabuni yaliyokuwa yakijitafutia njia hadi kwenye mlango wa choo.

Katika ua uliojaa maji namna hiyo, mzee mmoja alikuwa anakufa kwa kiu. Hakuna aliyejua. Hata Mama Dobi, aliyeishi naye nyumba moja, hakujua.

Mzee huyo alikuwa baba mkwe wake. Zamani alikuwa fundi viatu, na mpaka sasa hakuweza kumtazama mtu usoni kabla hajamtazama miguuni. Mwanawe, mume wa Mama Dobi, alikuwa dereva wa lori. Alikuja nyumbani kama mgeni: akala, akalala, akaondoka. Kwa hiyo nyumba waliachiwa mzee na mkwewe, na katikati yao heshima tele. Heshima ni kitu kizuri, lakini hii yao ilikuwa nyingi mno. Walisalimiana, waliagana, na baina ya salamu na kuagana hapakuwa na maneno mengi.

Kila asubuhi Mama Dobi alimpelekea chai.

"Shikamoo, Baba. Chai hii hapa."

"Marahaba, mama. Weka hapo."

Akirudi baadaye alikikuta kikombe kimejaa, chai imepoa, imefanya utando juu.

"Baba, hukunywa?"

"Sina kiu, mama."

Alikichukua akaimwaga chai uani. Moyoni alisema mengi. Mwanzoni alidhani haipendi chai yake, akaongeza sukari. Kikombe kikarudi. Akapika uji mwepesi, ukarudi. Akampa maji ya kunywa, nayo yakarudi. Mwishowe akaamua kwamba asiyependwa si chai wala uji. Ni yeye.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka uliotangulia mama mkwe wake alifia katika chumba hichohicho cha mzee. Vikombe vyake pia vilikuwa vikirudi vimejaa. Kisha akaanza kuropoka, kisha akaanguka, kisha akafa. Watu walikuja kuzika, wakasema ni uzee, wakaenda zao. Mama Dobi alifua shuka za marehemu, akazianika pamoja na za wateja. Kazi haingoji mtu amalize kulia.

Sasa Baba naye alianza. Siku moja alimwambia Mama Dobi amrudishie viatu vya wateja alivyoiba. Siku nyingine hakumtambua kabisa. Alimwita kwa jina la mkewe, akamwuliza mbona amechelewa. Alisinzia mchana kutwa. Alipokunja uso na kupiga kelele kwamba ananyimwa chakula, jirani wa chumba cha pili alisimama mlangoni mwake, mikono kifuani, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mzee wa watu analalamika njaa," jirani akasema, kama anayeongea na ukuta.

Mama Dobi alimpigia simu mumewe. Huko kulikuwa na ngurumo ya injini.

"Uzee huo," mume akasema. "Si unakumbuka mama alivyokuwa? Vumilia tu."

"Nivumilie mpaka lini?"

Ngurumo ikaendelea. Kisha simu ikakatika.

Alirudi kwenye karai. Alisugua shuka mpaka vidole vikawaka moto. Akajikuta analia juu ya povu, na katika kulia huko akamwomba Mungu amchukue mzee huyu, na afanye haraka. Aliposikia alichokuwa anaomba, aliiachia shuka ikazama karaini. Hakuwahi kujichukia kiasi hicho tangu azaliwe.

Akiwa katika hali hiyo, mtu alibisha hodi nyuma ya shuka.

"Karibu. Kama ni nguo, hazijakauka," akasema, huku anajifuta macho kwa mkono wenye sabuni. Macho yakazidi kumwasha.

"Sikuja kudai nguo. Mimi ni kinyozi. Leo sifungui duka, nazunguka kwa wazee."

Aliyeingia alikuwa mwanamume mnene mwenye kipara kinachong'aa, ameshika mkoba. Alieleza kwamba wako kikundi mtaani, watu wa kujitolea. Hawalipwi. Kila mmoja anaenda na anachokijua. Yeye anajua wembe, kwa hiyo ananyoa wazee wasioweza kutoka, na akiwa anawanyoa anatazama wanaendeleaje. Akiona shida, analeta wenzake.

"Utanyoaje watu wakati wewe mwenyewe huna nywele?" Mama Dobi akauliza. Yeye mwenyewe alishangaa kusikia bado ana utani.

"Nilianza kujaribia kwangu, zikaisha."

Baba alikuwa amesinzia kitini. Kinyozi alimsalimia kwa adabu, akapiga magoti mbele yake, akamwuliza kama anataka kunyolewa. Alimwuliza yeye, hakumwuliza mkwewe. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Kinyozi alipaka sabuni na kuanza, lakini baada ya muda mfupi akaacha. Aliitazama midomo ya mzee. Ilikuwa imepasuka. Ulimi ulikuwa mkavu, umeshikana na meno.

"Mama, mzee anakunywa?"

"Nampa. Hataki."

"Haja ndogo anaenda?"

Mama Dobi akatazama chini. "Mimi ni mkwe wake, kaka. Nitajuaje mambo hayo?"

"Na huku kuchanganyikiwa, kulianza zamani, polepole?"

"Siku hizi hizi tu. Kabla ya hapo alikuwa ananihesabia hata vibanio vya nguo."

Kinyozi alimfuta mzee povu, ndevu zikiwa zimenyolewa upande mmoja. "Mimi si daktari. Lakini tumefundishwa hivi: mzee akichanganyikiwa ghafla, usiseme ni uzee. Mpeleke akapimwe. Twende sasa hivi."

Walimpeleka kituo cha afya hivyohivyo, nusu ana ndevu, nusu hana. Muuguzi alimpima, akachukua mkojo kidogo uliopatikana. Ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Wakamtundikia dripu na kumlaza.

"Mwili umekaukiwa na maji," muuguzi akamwambia Mama Dobi. "Na njia ya mkojo imeshika maambukizi. Kwa mzee, hayo yanatosha kuvuruga akili."

"Lakini alisema hana kiu."

"Mtu akizeeka, kiu hupungua. Mwili unahitaji maji, lakini haumwambii. Ndiyo maana hatungoji aombe. Tunampa kidogo kidogo, mara kwa mara, mchana kutwa. Ila mwenye ugonjwa wa moyo au figo aulize kwanza kiasi chake hapa kituoni. Na akikataa kabisa, msikasirike. Tafuteni sababu."

"Akili yake itarudi?"

"Tuombe Mungu. Mmemleta akiwa bado ana nguvu ya kupambana. Wengi huletwa wakiwa wameshachelewa, kwa sababu watu nyumbani wanasema ni uzee."

Mama Dobi akaikumbuka ile ngurumo ya injini. Akakumbuka vikombe vya mama mkwe, vimejaa, vina utando juu.

Baba alirudiwa na akili taratibu. Dalili ya kwanza ni kwamba alitazama viatu vya muuguzi, akasema kisigino cha kushoto kimelika. Aliporudi nyumbani, Kinyozi alikuja kumalizia upande wa pili wa ndevu. Mama Dobi alipotaka kuwapisha, Kinyozi akamzuia.

"Mzee, mama abaki?"

"Abaki," Baba akasema. "Nyumba ni yake."

"Basi niambie kiume. Maji huyataki, au unayaogopa?"

Mzee aliitazama miguu yake. Wembe ulikuwa umesimama hewani.

"Ukinywa, utakwenda choo," akasema hatimaye. "Na choo kiko kule. Njia ni sabuni tupu. Niliteleza nikaangukia nyonga. Nikajikokota mwenyewe mpaka ndani, sikumwambia mtu."

"Kwa nini usiniite, Baba?" Mama Dobi akauliza. "Niko hapohapo uani."

"Nikuite unishike nikiwa nakwenda choo? Wewe mkwe wangu? Na nikikuambia maji yako yananiangusha, nitakuwa nimekuambia uache kufua. Na kufua kwako ndiko kunakotulisha." Alijishika nyonga. "Marehemu mwenzangu aliteleza kabla yangu. Tukakubaliana mimi na yeye tusinywe sana, tusikusumbue. Yeye alinishinda. Alikuwa na moyo mgumu kuliko wangu."

Mama Dobi alitoka nje. Alisimama katikati ya ua na kuyatazama maji yake yakiteremka kwenda chooni, meupe kwa povu. Hakuna aliyemlaumu. Ingekuwa nafuu wangemlaumu.

Kesho yake hakufua. Kinyozi alikuja na wenzake wawili wa kikundi, seremala na mwashi, wakakuta karai limefunikwa.

"Naacha hii kazi," akasema.

"Ukiacha, mtakula nini?" Kinyozi akasema. "Si lazima uache kufua. Hamisha karai. Fulia kule karibu na geti, mwashi atakuchimbia mtaro maji yatoke nje. Hapa pakauke. Chooni tuweke bomba la kushikia ukutani, na taa. Seremala atengeneze kiti cha kuketia, kwa sababu mzee hawezi kuchuchumaa tena. Ila ukuta si wetu. Lazima tumwombe mwenye nyumba."

Mwenye nyumba aliitwa, akaja amenuna.

"Leo bomba, kesho watataka lifti," akasema. "Wazee wana watoto wao. Wawahudumie."

"Katika vyumba hivi wako wazee watatu," Kinyozi akasema. "Na wewe ndevu zako nazinyoa mimi. Usinifanye niseme zina mvi ngapi."

Wapangaji wakacheka. Mwenye nyumba hakucheka. Hapo Baba akatoka chumbani polepole, akiwa ameshika ukuta. Seremala na mwashi walitaka kumsemea, lakini Kinyozi akawaashiria wanyamaze.

"Mwanangu," Baba akasema, "vua hivyo viatu vyako vizuri. Vaa ndala zangu, uende mpaka choo. Ukirudi salama, sidai kitu."

Mwenye nyumba akaona aibu kukataa. Alivaa ndala, akapiga hatua kama mtu anayeshindana. Sabuni ya jana ilikuwa imeganda kwenye sementi, na palipobaki unyevu pakamvuta. Mguu mmoja ukaenda zake. Alidaka kamba ya nguo, ikakatika, shuka kuukuu zikamfunika kichwa na mabega. Hata jirani wa chumba cha pili alicheka. Chini ya shuka sauti ikasikika inasema: "Wekeni hilo bomba."

Likawekwa. Karai likahamia getini, na mtaro ukachimbwa. Jirani wa chumba cha pili alimtuma mumewe awe anamsindikiza Baba asubuhi na jioni, mwanamume kwa mwanamume. Hakusema samahani, lakini mume alikuja kila siku. Mama Dobi aliacha kupeleka kikombe kikubwa. Alipeleka kidogo, mara nyingi, akaketi naye mpaka kiishe. Katika kuketi huko, heshima yao ikaanza kuzaa maneno.

Usidhani furaha ilirudi yote. Nyonga ya Baba haikupona vizuri, na siku nyingine alikaa mlangoni akitazama njia kavu ya chooni, machozi yakimtoka. Mama Dobi alijua anamfikiria nani. Njia ile ingekaushwa mwaka mmoja mapema, wangekuwa wawili mlangoni. Jambo hilo halikuwa na dawa kituoni, wala mwashi wa kulitengeneza.

Ndiyo sababu alikwenda kwa Kinyozi, akamwambia anataka kuingia kikundini.

"Unajua nini?" Kinyozi akamwuliza, kama walivyomwuliza yeye zamani.

"Najua kufua. Nitawafulia shuka wale wasio na mtu."

Nyumba ya kwanza aliyopelekwa ilikuwa nyuma ya karakana ya magari. Bibi mmoja aliishi hapo na binti yake. Binti alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala. Alileta chai, akaiweka mbele ya mama yake, na Mama Dobi akaanza kukusanya shuka. Alipomaliza kuzifunga, akatazama kikombe. Kilikuwa kimejaa, na utando umeanza kushika juu.

"Hanywi huyu," binti akasema kwa sauti iliyochoka. "Uzee tu." Akanyoosha mkono akimwage.

Mama Dobi alimshika mkono taratibu. Aliweka chini mzigo wa shuka, akapiga magoti mbele ya bibi, akamtazama machoni.

"Shikamoo, Bibi," akasema. "Nionyeshe choo chenu kiko wapi."