Kobe Hatoki Garini

"Sindano, amri ni moja," sauti ya Mkuu wake ilikoroma kwenye redio ya sikioni. "Mlete mzima."

Sindano aligeuza kichwa. Prado nyeusi ilikuwa inaingia kivukoni.

Alivaa ovaroli ya rangi ya chungwa, mkononi fimbo ya taa, kama wapanga magari wengine. Bastola yake, Glock, ilikuwa kwapani.

Ndani ya Prado, peke yake kwenye usukani, alikaa Kobe. Walimwita hivyo kwa sababu hatoki garini. Anakula humo, anapiga simu humo, anaamuru watu wauawe humo. Mzigo wake hamwachii mtu. Leo mzigo ulikuwa ndani ya tairi ya akiba, mgongoni mwa gari: bomu la kulipuka saa ya chakula cha jioni katika hoteli ya kisiwani. Majaji waliofunga genge lake walikuwa huko, likizo, na watoto wao.

Mwaka uliopita Kobe alimfungia mdogo wa Sindano ndani ya buti la gari, akalisukumia majini. Walipolivuta, kucha za kijana zilikuwa zimekwisha.

"Njoo, njoo," Sindano aliita. "Kata kulia. Usiogope bosi, rangi haiguswi."

Prado ikabana ukuta wa chuma. Mbele yake, lori la mitungi ya gesi. Sindano akapunga fimbo, lori la kontena likaja kusimama ubavuni. Kiganja kingepita. Mtu, hapana.

Kobe alishusha kioo kidogo. "We mpuuzi, mimi nitatokaje?"

"Si hutoki, mzee? Abiria wenzako wote wamepanda juu."

"Nani kakwambia sitoki?"

"Mdogo wangu. Alikufuatilia muda mrefu kabla hujamtia kwenye buti."

Honi ikalia. Kivuko kikaondoka.

Kobe akasukuma mlango. Ukagonga kontena, ukagoma. Nyuma alikuwa amejaza masanduku hadi darini, ili aonekane mtalii. Akachomoa bastola.

"Piga," Sindano alisema. "Gesi hiyo hapo mbele, inakusubiri."

Bastola ikashuka.

Akatia rivasi. Matairi yakalia dhidi ya vigingi vya chuma ambavyo Sindano alivitia nyuma yake, gari halikusogea. Lakini kamera ya nyuma iliwaka, na kwenye skrini Kobe akauona uso wa Sindano, karibu mno, umetulia kama wa kinyozi. Koleo mkononi. Kifuniko cha tairi kimefunguliwa.

Simu ya Kobe ikaita, akapokea.

"Saa ya bomu nimeisogeza," Sindano alisema. "Litalipuka kabla hatujafika."

"Una wazimu? Utakufa na wewe."

"Mimi nilikufa siku walipolivuta lile gari."

Kobe alisukuma mlango tena. Jasho lilimchuruzika hadi kwenye kola.

"Unataka nini?"

"Nani anakupokea hotelini?"

Injini za kivuko zilitetemesha sakafu.

"Mkuu wa walinzi wa hoteli," Kobe alisema. "Yeye ndiye anaingiza gari bila kukaguliwa. Haya, nimesema. Zima hicho kitu, kaka. Nakuomba."

Sindano akaikata simu, iliyokuwa kwenye spika karibu na redio iliyowashwa.

"Mkuu, umesikia?"

"Nimesikia. Vijana wanamchukua sasa hivi. Bomu je?"

"Nimeshang'oa fyuzi. Halilipuki tena."

"Umemwambia Kobe?"

Sindano alikuwa ameshafika kwenye ngazi. Nyuma yake ngumi zilipiga kioo. Zikapiga tena. Sauti ikaita kaka, ikaita ndugu yangu, ikamtaja mama.

"Ulisema mzima, Mkuu. Hukusema mwenye raha."

"Bado mwendo gani hadi kisiwani?"

"Mrefu."

Akapanda juu. Akanunua soda baridi, akatafuta kiti cha kivulini kati ya watu wenye kofia pana na mafuta ya jua. Alipoingiza mkono mfukoni kutafuta chenji, fyuzi iligongana na funguo za nyumbani.

Akakunja miguu, akanywa polepole.