Kushindwa kwa Siri

Ukumbi wa usaili wa mashindano ya upishi ya televisheni ulijaa wapishi hadi mlangoni, kila mmoja na chakula chake mkononi, na joto lilikuwa la kuivisha mayai. Mpishi wetu, msichana wa gauni la bluu lililopigwa pasi na mama yake alfajiri, alikuwa kwenye foleni tangu asubuhi akiilinda sahani yake ya kuku kama mtoto mchanga. Ndipo kijana mmoja wa ovaroli na boksi la vifaa alipojipenyeza.

"Samahani, dada, nipishe. Friji ya waamuzi imekufa."

Kiwiko chake kikagusa sahani, mchuzi ukamrukia mwenyewe kifuani. Msichana alitaka kulia. Fundi akachovya kidole kwenye ovaroli yake, akalamba, akafikiri.

"Mtamu. Ila chumvi imekuogopa."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna. Ndiyo maana ushauri ni bure."

Msichana alimsonya. Lakini fundi alipotoweka, alionja, akaona yule mshenzi kasema kweli, akaomba chumvi kwa jirani wa foleni. Akapita usaili. Jioni alimkuta fundi mlangoni, amekaa juu ya boksi lake, meno yote nje.

"Nimekuja kuchukua asante yangu."

"Asante. Sasa toka njiani."

"Na namba ya simu?"

Akampa. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Haukupita muda mama akaanza kupika chakula cha watu watatu bila kuuliza wa tatu ni nani.

Kilichofichika ni kingine. Mashindano yale ya televisheni hurekodiwa kwanza, watu huja kuyaona miezi baadaye, na anayetolewa haruhusiwi kurudi kwao. Akionekana mtaani, siri imevuja. Hubaki hosteli na wenzake mpaka kazi iishe, na ameshasaini kufunga mdomo. Mpishi wetu alitolewa mapema, kwa samaki aliyeiva nje akabaki mbichi ndani. Hata kutoka kwenyewe hakukuwa rahisi.

"Vua aproni tena, mrembo," mwongozaji alimwambia. "Taa haikukaa sawa."

Akavua tena, akawakumbatia wenzake tena, na machozi yalipomwishia wakampaka maji machoni. Baada ya hapo alikuwa akilala mchana, akiwasikia wengine wanarudi wananukia vitunguu. Uchovu wa kukaa bure ulimzidi ule wa jikoni.

Simu walipewa Jumapili tu, msimamizi akiwa ubavuni anajipaka rangi ya kucha.

"Habari ya bingwa wangu?" fundi aliuliza.

"Acha hizo."

"Sauti imechoka, mamii. Hamli huko, na nyote ni wapishi?"

Alicheka kidogo. Fundi hakucheka.

"Sikiliza. Kampuni inanipeleka mji mwingine, kwenye kiwanda cha barafu. Wanataka jibu kesho. Ukishinda utafungua mgahawa hapa hapa, nami nabaki. Friji mbovu hazikosekani. Kama umetoka, tunaondoka wote. Niambie tu, nibaki au niende?"

Neno moja lingetosha. Msimamizi akainua macho kutoka kwenye kucha zake, akatikisa kichwa.

"Siwezi kusema."

"Hata kwangu?"

"Fanya unavyoona."

"Haya," fundi alisema. "Umeshakuwa mkubwa. Kila la heri, bingwa."

Akakata simu, akaenda zake huko kiwandani.

Mpishi aliporudi nyumbani, vipindi vilikuwa vimeanza kurushwa na mtaa mzima ukimwita Bingwa. Wadhamini walimsimamisha kwenye duka kubwa, kofia ndefu kichwani, akikaanga mayai na kutabasamu mpaka mashavu yanauma. Wateja walimnong'oneza, "Dada, si umeshinda? Konyeza tu." Hakukonyeza. Mara nyingi alilifungua jina la fundi kwenye simu, akalitazama, akairudisha simu mfukoni. Alichoka mpaka kwenye mifupa.

Zamu ya samaki wake ikafika. Alikuwa sofani na mama, gauni la zamani mwilini, miguu juu ya kiti. Walipomwona anavua aproni, mama alishika mdomo.

"Mwanangu! Na mimi navyowatambia majirani!"

"Nilikatazwa kusema, mama."

Mama akamvutia kichwa mapajani. "Asiyekubali kushindwa si mshindani. Lala hapa."

Hakulala. Simu iliita.

"Kumbe alikuwa mbichi?" fundi aliuliza.

"Katikati tu."

"Siku ile nilipokuuliza, ulikuwa umeshatoka?"

"Kitambo."

Nyuma yake mashine za barafu zilinguruma.

"Siku ile nakusamehe, ulikuwa na mlinzi. Na uliporudi nyumbani? Simu ilikuwa yako. Nimekaa huku najua umenitupa."

Angeweza kuutaja mkataba, na fundi angeamini. Lakini hata kudanganya kunataka nguvu, naye hakuwa nazo.

"Niliona aibu," alisema. "Uliniita bingwa. Nilitaka ubaki unaniona hivyo, hata kama umenichukia."

"Wewe mjinga kweli."

"Najua."

"Kwani mimi nilipenda televisheni?"

Hapo machozi yalimtoka. "Nimechoka, fundi. Nimechoka kutabasamu. Nimechoka kunukia mayai."

"Njoo uchoke huku."

Mama, aliyejifanya anatazama matangazo, akapunguza sauti ya runinga.

"Nije nifanye nini?"

"Kiwanda kina kantini, mpishi wake anatuua taratibu. Mimi nina chumba na sufuria moja. Mke sina."

"Unaniajiri au unanioa?"

"Nakuoa. Kazi utaomba mwenyewe, mimi sina cheo."

Alijifuta uso kwa upindo wa gauni. "Mimi si bingwa. Umeona mwenyewe, na nchi nzima imeona."

"Nimeona," fundi alisema. "Sasa mpe mama simu."

Mama alikuwa ameshanyoosha mkono.