Mashine ya Nuri

Babu yenu alikufa na nusu ya habari hii. Nusu ya pili ninayo mimi, wajukuu zangu, na ndiyo yenye aibu.

Jioni ile nilitoka kwenda kwa jirani kuulizia mashine ya boti. Hilo tu.

Babu yenu Tayeb alikuwa ameharibika bega. Uzio wetu wa makuti, ule wa kunasia samaki, uko mbali na pwani, na bahari ya hapa kisiwani Kerkena mnaijua, maji ya magoti mwendo mrefu. Upepo ukilala, mwanamume anasukuma mashua kwa pondo mpaka mgongo umlie. Daktari wa Sfakisi, mji wa ng'ambo, alikuwa amemwambia bega likitenguka tena, asahau bahari. Na bila uzio ule tungekula nini?

Akavuka kwenda Sfakisi kutazama mashine dukani. Akarudi anasifia moja mpya inayong'aa, ya mguu mrefu. Wenzake gatini wakamcheka. Shadli, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, akamwambia, "Nunua, Tayeb. Utalima viazi humo majini, sisi tutakuja kuvuna." Na kweli, mguu mrefu kwetu unachimba tope na kuzongwa na nyasi za bahari. Sisi tunataka mguu mfupi, mashine nyepesi, mtu aweze kuinyanyua kwa mkono mmoja akifika penye kina kidogo.

Ya namna hiyo mimi nilikuwa naijua. Nilikuwa naijua kwa sikio.

Ilikuwa kwa mama Saluha, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Mashine ya mwanawe wa pekee, Nuri. Nuri alipotea baharini. Mashua yake ilikutwa inazunguka peke yake, mashine inanguruma, mwenyewe hayupo. Maiti haikuonekana. Tangu hapo, kila Magharibi, miaka miwili, yule mama aliichomeka kwenye pipa la maji uani, akavuta kamba, akaiacha ingurume mpaka adhana iishe. Alisema mwanawe kapotea njia tu. Akiisikia mashine yake atajua nyumbani ni wapi.

Wengine walimhurumia. Mimi nilikuwa naisikiliza mashine. Kamba mara moja, imewaka. Haikohoi, haisiti. Kila jioni nikikoroga supu jikoni najisemea, hii ndiyo.

Basi jioni ile nikamwomba atuuzie. Akakataa kwa upole. Alisema hata ningemletea dhahabu. Nikamweleza habari ya bega. Akalia nami kwa huruma, akakataa tena.

Hapo ndipo nilipolifanya lile.

Kwetu maiti akimtuma mtu kwa ndoto, ujumbe ule ni amana. Hakuna wa kuukataa. Nikamshika mkono, nikashusha sauti.

"Mama Saluha, nimemuota Nuri."

Akanivuta karibu.

"Amesema nini, mwanangu?"

"Amesema mashine yake imechoka na pipa, inataka bahari. Apewe Tayeb."

Sikuwa nimeota kitu.

Aliuliza kama mwanawe alionekana ameshiba. Nikasema ndiyo. Akauliza kama alikuwa na koti. Nikasema ndiyo, la sufu. Akaiondolea shuka mashine ile kwa mikono yake, akaibusu, akanipa. Pesa hakuzitaka.

Siku ya tatu nilikwenda na Tayeb uzioni, nione chaguo langu linavyofanya kazi. Tulipogeuka kurudi jua lilikuwa linazama na ukungu umeanza kutanda. Mashine inaimba. Tayeb anacheka, ananiita fundi mkuu, anasema Shadli atakula maneno yake kwa mkate.

Kisha mashine ikabaki na sauti ileile, lakini mwendo ukapungua.

Ukapungua tena...

Tezi, nyuma ya mashua, ikazama kidogo, kama kuna mtu ameiegemea. Tayeb akadhani ni nyasi. Akazima, akaunyanyua mguu wa mashine. Propela safi, haina hata jani.

Kimya.

Harufu ikaja, ya chungu cha kunasia pweza kilicholala chini ya bahari mwaka mzima. Na nyuma yetu, ndani ya ukungu, maji. Chubwi... chubwi... chubwi. Mtu anatembea taratibu, maji yakimfika kiunoni.

Lakini pale palikuwa mferejini. Kina cha watu watatu waliosimamiana mabegani.

Hatua zikasimama.

"Mama," ikasema sauti. "Mbona umehama?"

Ilikuwa ya Nuri. Nilimjua yule kijana tangu anatambaa uani kwangu.

"Washa, mama. Nimeshakaribia."

Tayeb akaishika kamba. Nikamshika mkono. Tungeweza kuwasha, wajukuu zangu. Tungekwenda polepole hadi ufukwe wa Saluha, naye atufuate, awe mtu au mzuka, tumkabidhi kwa mama yake. Nililijua hilo palepale. Nikajua pia kwamba tukilifanya, mashine itabaki hukohuko.

"Makasia," nikamnong'oneza.

Tukapiga makasia, yeye moja na mimi moja, meno yake yakisagana kwa maumivu ya bega. Sauti ikabaki nyuma ikiita. Haikuwa na hasira. Ilikuwa inauliza tu, kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Nyumbani Tayeb akasema yule ni jini wa mfereji, huiga sauti za watu, nisimtaje tena. Labda. Mimi sina elimu ya majini. Ila usingizi haukunijia.

Kesho yake Magharibi, Saluha akaja. Hakuwa na pipa la kuhudumia tena, mikono yake haikujua ikae wapi. Akaniuliza kama nimemuota tena.

Kwa mara ya kwanza nilikuwa na la kweli la kumpa. Nuri yuko njiani, anakutafuta. Lilikuwa limefika ulimini. Lakini kweli ile ingeidai mashine.

"Nimemuota," nikasema. "Anasema amefika. Amepumzika. Usimngoje tena."

Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa kuni kichwani. Ijumaa mwanawe akasaliwa sala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo. Saluha akapika kuskusi ya sadaka, nami nikagawa sahani, wanawake wakinisifu, heri jirani kama Mbarka. Jioni hiyo nilimsikia akifunga mlango wa nje kwa komeo. Miaka miwili ulikuwa unalala wazi.

Alfajiri, kabla ya adhana...

Ngo. Ngo. Ngo.

Si kwangu. Kwake.

"Mama."

Saluha alikuwa amelala, usingizi wake mzito wa kwanza tangu msiba. Mimi nilikuwa macho. Kati yetu ukuta mmoja tu. Ningeupiga ngumi angeamka.

Ngo.

"Mama, ni mimi."

Nikajifunika blanketi mpaka kichwani.

Kulipopambazuka nikatoka. Jiwe la kizingiti chake limelowa, umbo la mtu aliyekaa muda mrefu ameegemea mlango. Nyayo zilitoka pwani zikaja mpaka pale. Za kurudi nilizitafuta, sikuziona.

Nikateka maji. Nikapiga magoti nikalisugua jiwe lile, nikazifagia zile nyayo moja baada ya nyingine, upesi, kabla hajaamka.

Komeo likalia nyuma yangu. Saluha akanikuta na ufagio mkononi. Akanitazama, macho yakamjaa, akaniwekea kiganja kichwani.

"Mungu akulipe, Mbarka," akasema. "Hata niliyemzaa asingenifanyia haya."