Namba Chini ya Rangi

Siku tatu kwa wiki, gereji ya Nyundo ilikuwa kimya asubuhi nzima. Majirani walikwisha kuzoea. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa fundi huyo wa bodi za magari alimpeleka mama yake hospitali kusafishwa damu. Figo za mama zilikuwa zimechoka. Mashine ya hospitali ndiyo iliyofanya kazi ya figo hizo.

Usafiri wao ulikuwa pikipiki. Dereva mbele, mama katikati, Nyundo nyuma akimshika kiunoni. Kwenda hakukuwa na tabu. Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi, maana mama alitoka kwenye mashine hana nguvu, kama nguo iliyokamuliwa. Ijumaa moja alisinzia njiani. Alimponyoka mwanawe, akaanguka kwenye changarawe.

Jioni ile mke wa Nyundo alimsafisha vidonda vya magoti. Mama alitazama ukutani.

"Wanangu, mimi basi," alisema. "Sitakwenda tena."

"Mama, daktari alisema ukiacha..." mkwewe alianza.

"Alichosema daktari nilikisikia. Pikipiki sipandi."

Nyundo alichuchumaa mbele yake. "Mama, kile kiwanja tumeshakiuza. Shemeji ametutafutia gari huko ng'ambo ya mpaka. Nivumilie mpaka Jumanne ya wiki ijayo. Jumatano utakwenda umeketi kwenye kiti."

Mama alivuta kanga akafunika magoti. "Haya. Mpaka Jumanne. Jumatano nisione pikipiki hapa mlangoni."

Shemeji, kaka wa mkewe, aliishi na kufanya kazi katika nchi ya jirani. Gari alilolipata lilikuwa la mwalimu mstaafu aliyelitunza tangu likiwa jipya. Shemeji hakutaka kubahatisha. Alimtafuta mapema wakala wa forodha mwenye leseni, dada mmoja mwenye ofisi ndogo pale mpakani. Wakala aliwaambia mahitaji kwa simu: hati ya mauzo iliyosainiwa na pande zote mbili, kadi halisi ya gari, kibali cha kulitoa katika nchi lilikosajiliwa, na bima ya kuvukia mpaka.

"Na gari mlilete kama lilivyo," alimalizia.

Nyundo alikwenda kwa basi Jumamosi, akamwachia mkewe safari ya hospitali ya Jumatatu. Alisikiliza injini, akaridhika. Kisha akainua kapeti mbele ya kiti cha abiria, akakuta kutu.

"Liache hivyo hivyo," alisema shemeji. "Utalifanyia kazi kwako."

"Shemeji, mimi ni fundi wa bodi. Niingie mtaani kwangu na kutu? Watu watanicheka mpaka wachoke."

"Nani atainua kapeti?"

"Mimi. Nitajua ipo."

Shemeji alicheka, akamwazima msasa. Nyundo alisugua kutu kidogo kidogo. Aliona alama fulani kwenye chuma, lakini hazikumshughulisha. Namba ya gari aliijua: ilikuwa kwenye kibati chini ya boneti. Alijaza puti kuziba vishimo, akasawazisha, akapiga rangi. Kazi ilitoka safi. Hata mwalimu mwenyewe alimsifu.

Jumanne saa nne asubuhi Nyundo na shemeji walifika mpakani. Wakala aliwapokea, akapitia karatasi moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa sawa. Afisa wa forodha akaja kulikagua gari. Aliinua kapeti, akamulika tochi, akapitisha kidole juu ya rangi mpya.

"Namba ya chasisi iko wapi?"

"Hii hapa, mkuu." Nyundo alifungua boneti kwa fahari.

"Hiki ni kibati. Nakuuliza ile iliyochapwa kwenye chuma."

Nyundo alizikumbuka zile alama alizozijazia puti. Afisa aliitazama tena rangi, akamtazama na yeye. Alinyoosha mkono kuomba funguo.

"Gari litabaki hapa. Polisi wataarifiwa."

Walikwenda kukaa kwenye benchi nje ya ofisi ya wakala. Nyundo alikuwa ameupakata mkoba wake wa kazi. Ndani mlikuwa na kisu cha puti na chupa ya dawa ya kuyeyushia rangi.

"Dada, nisaidie," alisema. "Wanipe dakika kumi tu pale uani. Nitaiyeyusha rangi, namba itaonekana, tuondoke."

"Kaka, weka mkoba chini."

"Dakika kumi."

"Hata moja usiombe." Wakala aliketi karibu naye. "Sikiliza. Kibati kinang'olewa kwenye gari moja, kikapigiliwa kwenye jingine. Namba iliyochapwa kwenye chuma ndiyo gari lenyewe. Wezi wa magari huifuta au huifunika. Sasa afisa ameona rangi mbichi juu yake. Atamfikiria nani?"

"Mimi si mwizi."

"Najua. Yeye hajui. Ukikwangua mwenyewe ukaharibu tarakimu moja, utakuwa umepoteza ushahidi wako kwa mkono wako. Gari linaweza kutaifishwa. Kazi hiyo ni ya mtaalamu wa polisi, mbele ya mashahidi."

"Nifanye nini basi?"

"Andika maelezo. Sema ulichokifanya, lini, wapi, kwa nini. Usipunguze neno. Shemeji naye aandike alichokiona. Na mwalimu aje na hati alizopewa siku aliyolinunua gari, zenye ile namba."

"Itachukua muda gani?"

"Siku mbili, tatu. Siwezi kukuahidi."

Nyundo aliinamisha kichwa. Kesho ilikuwa Jumatano.

Saa nane mkewe alipiga simu. "Baba watoto, mama ameshaoga. Ameketi mlangoni anangojea gari. Nimwambie nini?"

Nyundo alikuwa na uongo tayari mdomoni: foleni ndefu, mtandao umekatika. Aliutazama mkoba pale chini.

"Mpe simu," alisema.

"Mwanangu, uko wapi?"

"Mpakani, Mama. Gari limezuiliwa. Aliyekosea ni mimi. Niliona kutu, nikapaka rangi, nikaifunika namba yake. Sijui litatoka lini."

Nyundo alisikia kuku nyuma ya mama, uani kwao.

"Marehemu baba yako alikuwa hivyo hivyo," mama alisema mwishowe. "Akiona kutu halali."

"Nisamehe, Mama."

"Umeniambia kweli. Kama ungenipiga chenga, ningelala nisiamke." Alivuta pumzi. "Huyu mkwe wangu anifunge kwa kanga asubuhi, nisidondoke. Nitapanda hiyo pikipiki mara moja tena. Nakwenda ili niwe hai kukungojea. Ukichelewa, lawama zako."

Jumatano mwalimu alifika kwa basi la kwanza, bahasha ya hati kifuani. Alhamisi alikuja mtaalamu wa polisi. Afisa, wakala na mwalimu walisimama wakishuhudia. Nyundo aliambiwa akae mbali, mikono mitupu. Mtaalamu alilowesha kitambaa, akaifuta rangi taratibu, kisha puti. Tarakimu zilitokea moja moja. Afisa alizisoma kwa sauti, wakala akazifuatisha kwa kidole kwenye hati ya mwalimu. Hakuna hata moja iliyotofautiana. Nyundo alionywa kwa maandishi, akakabidhiwa funguo.

"Ukifika," wakala alimwambia, "nenda ukalisajili. Na hapo chini?"

"Nitapaka grisi tu, dada. Pakae wazi."

Siku hizi Nyundo hagusi gari lolote kabla ya kumwuliza mwenyewe namba ilipochapwa. Akiipata, huizungushia chaki na kuiandika kwenye daftari. Wapo wateja wanaomcheka kwamba amegeuka polisi. Yeye huendelea kuandika.

Lakini Ijumaa ile ya kwanza hakuifungua gereji kabisa. Mama alitoka kwenye mashine amelegea kama kawaida. Nyundo alimketisha kiti cha mbele, akamfunga mkanda. Aliangalia miguuni, pale kapeti lilipokunjika.

"Fundi mzima, unaacha doa baya namna hii?"

"Hicho ndicho kitambulisho chake, Mama."

"Sura mbaya," mama alinong'ona, "lakini limetufikisha." Kichwa chake kikaegemea kioo. Kabla hawajapita lango la hospitali, alikuwa amesinzia.

Nyundo aliendesha polepole, akikwepa kila shimo. Alipofika nyumbani alizima injini. Mkewe alitoka haraka kufungua mlango. Nyundo alimwashiria kwa kidole asubiri. Mkanda ulikuwa umemshika mama vizuri kifuani, na pumzi zake zilikuwa za mtu aliye salama.

Walimwacha alale mpaka aamke mwenyewe.