Nani wa Mwisho kwenye Foleni ya Viazi?

Mimi, Reinier, wa kitanda cha juu karibu na dirisha lililovunjika, ninatangaza kwa heshima zote kwamba nimelitatua swali lililowashinda wakubwa wa dunia: upi ulio bora, ubepari au ujamaa? Nililitatua Jumamosi asubuhi nikiwa nimevaa kandambili za bibi yangu, maana zangu zilikuwa zimekatika.

Swali lenyewe lilikuwa kazi ya nyumbani. Mwalimu Fermín alitutaka tulinganishe mifumo hiyo kwa ukurasa mmoja, kisha akaturuhusu kutoka bwenini kwa wikiendi. Lakini kichwa changu hakikuwa na nafasi ya mifumo. Mama alikuwa anarudi Jumapili. Yeye ni daktari, na serikali ilikuwa imempeleka kutibu watu Brazili. Tangu aondoke, viatu vilinibana mara mbili na sauti yangu ikawa nzito. Bwenini nilijaribu kuikumbuka harufu ya mikono yake, sabuni na kitunguu saumu, nikaipata vipande vipande tu.

"Sitamani kitu kingine," Mama alimwambia Bibi kwenye simu. "Nikaangie kile kimanda chako cha viazi."

Viazi vilikuwa vimepotea mjini kwetu Sagua kwa miezi. Jumamosi ile Bibi Zenaida aliniamsha kwa kuvuta shuka.

"Amka, bwana mkubwa! Viazi vimeshushwa duka la mgawo! Nenda ukanishikie nafasi, mimi nimalize kufua. Ukiipoteza, utamweleza mama yako mwenyewe!"

Foleni yetu haina mstari. Ukifika unauliza kwa sauti, "Wa mwisho nani?" Mtu anajibu, "Mimi," basi wewe uko nyuma yake, hata akienda kukaa kivulini ng'ambo ya barabara. Kila mtu anamjua wa mbele yake tu. Mimi nilikuwa nyuma ya Ndugu Migdalia, jirani yetu mwenye sauti kama filimbi ya refa.

Jua likapanda, nikachoka kuwa raia mwema. Akaja mzee mwenye baiskeli.

"Wa mwisho nani?"

"Mimi, mzee wangu."

Mzee akaenda kukaa kivulini, akaja dada mmoja na mwanawe. "Wa mwisho?"

"Mimi, dada."

Akaja fundi na ndoo yake, naye nikamwambia, "Mimi, fundi." Foleni ikaota mikia mitatu, yote nyuma yangu. Niliuma shavu nisicheke.

Ndipo akatokea Osmani, mnene wa mtaa wa pili. "Wee Reinier, niuzie nafasi yako."

"Haiuzwi. Huu ni ujamaa, bwana."

"Chingamu ya stroberi. Mjomba kaileta kutoka Miami."

Nilinusa karatasi yake. Ilinukia sanduku la safari. Ilinukia mbali, huko wanakoishia watu wetu.

"Basi," nikasema, "asubuhi hii tutajaribu na mfumo wa pili." Nilidhani ningejibanza nyuma yake na hakuna ambaye angejua.

Mlango wa duka ulipofunguliwa, dunia ikavurugika.

"Mimi ndiye ninayemfuata huyu kijana!"

"Unamfuata wewe? Mimi nimefika hapa wewe bado unakoroma!"

"Na huyu mnene katokea wapi?"

"Mimi niko nyuma ya Ndugu Migdalia," akasema Osmani. "Muulizeni Reinier."

Wote wakanigeukia. Chingamu ilikuwa shavuni. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Kwa hiyo wewe huna nafasi," akasema Ndugu Migdalia. "Na hawa watatu uliwaambia nini?"

"Labda jua limewachanganya, ndugu."

Muuzaji wa duka akauvuta mlango. "Sipimi hata kiazi kimoja mpaka mjue nani yuko nyuma ya nani!"

Ndugu Migdalia akawapanga upya mmoja mmoja, na mimi akanipeleka mwishoni kabisa, ambako sasa lile swali la wa mwisho nani lilikuwa na jibu moja tu. Viazi viliisha nikiwa nauona mlango.

Bibi alifika na mfuko wake. Hakunigombeza. Aliukunja mfuko taratibu, akaukunja tena.

"Basi," akasema. "Tutamkaangia mayai matupu."

Afadhali angenipiga kandambili.

Jioni Ndugu Migdalia aliingia bila kubisha, akamimina nusu ya viazi vyake kwenye beseni letu. "Si kwa ajili ya huyu," akasema, bila kunitazama. "Ni vya mama yake, Mirelys. Alimuuguza mume wangu."

Kesho yake Mama alikuja. Nilikuwa nimemngoja muda wote ule, halafu nikamsalimia kutoka upande wa pili wa meza, kama balozi. Alikula kimanda akiwa amefumba macho.

"Mama," nikauliza, ili nisikae kimya, "huko Brazili watu wanapanga foleni ya viazi?"

"Huko viazi vimejaa dukani, mwanangu. Mwenye pesa anachukua. Nimemtibu mama mmoja aliyekuwa akivitazama tu kupitia kioo. Hapa kwetu kila mtu ana zamu yake, ila viazi vyenyewe ndivyo havipo."

"Sasa upi bora? Mwalimu anataka jibu."

"Mwandikie ulichokiona. Lakini ongeza hili: dukani kule au kwenye foleni hapa, mtu akikuuliza, lazima jibu lako liwe la kweli. Likiwa la uongo, hakuna mfumo utakaomfikishia mtu kiazi chake."

Bibi akakohoa. Mama akainuka, akazunguka meza, akanivuta kifuani. Sabuni. Kitunguu saumu. Nilitaka kubaki pale mpaka shule ifungwe milele. Kisha nikasikia pua yake juu ya shavu langu, pale nilipoificha chingamu ya jana.

"Stroberi," akasema polepole. "Siku hizi duka la mgawo linauza chingamu?"

Sikuweza kukimbia, wala sikutaka.

"Mama," nikasema, uso wangu ukiwa begani mwake, "niliambiwa nikushikie nafasi. Niliiuza."