Mkia Hauitwi, Hushikwa

Mwalimu mstaafu hakuweza kuona watu watano wamekaa pamoja bila kuwaita majina. Miaka thelathini na minne ya daftari la mahudhurio haimtoki mtu kwa sababu tu amepewa saa ya ukutani na kuagwa kwa makofi. Basi jioni ya kwanza kambini, ndani ya hema la kulia chakula, sahani zikiwa bado zinafuka mvuke, alijifanya yuko darasani.

“Bwana harusi!”

“Nipo.”

“Bibi harusi!”

“Nipo, mwalimu.”

Wauguzi wawili, mtu na mdogo wake, waliitika kwa pamoja wakicheka. Mwalimu akajiita mwenyewe, akajiitikia, kisha akainua kidole na kuuliza kwa utani, “Haya, mtoro wetu yuko wapi?”

“Nipo,” ikajibu sauti ya kiume nje ya hema, nyuma ya turubai, karibu kabisa na bega lake.

Wageni walicheka hadi kijiko kikaanguka. Walidhani ni mmoja wa wapagazi. Kiongozi wao, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika la chai, hakucheka. Wapagazi wote wanne walikuwa kijitoni wakichota maji. Aliziona taa zao za kichwani kule chini, nne, zikipanda taratibu. Na sauti ile aliijua. Alikuwa amelala nayo chumba kimoja tangu utotoni.

Msafara wa mlimani una kichwa na mkia. Kichwa ni kiongozi anayetangulia, mkia ni msaidizi wake anayefunga nyuma, na wageni huwa katikati. Kanuni ya watu wa kazi hii ni fupi: mkia hauitwi, hushikwa. Kila mkipumzika, kichwa anarudi nyuma, anawapita wageni wote, anamshika mkia wake mkono, ndipo safari inaendelea. Inachosha. Unapanda tena mteremko uliokwisha kuushuka, mara kumi kwa siku, ili tu umshike mkono mtu uliyekunywa naye chai asubuhi. Kiongozi huyu akaona ni ushamba. Akaanzisha mtindo wake: anasimama mbele na kupaza sauti, “Mkia!” Nyuma anajibiwa, “Nipo!” Basi, twende. Misafara yake ikawa inafika langoni saa nzima kabla ya wenzake, akasifiwa, na sifa ni tamu, hakuna anayezitema.

Mwaka jana mkia wake alikuwa mdogo wake wa damu. Alikuwa mrefu hadi wakamwita Mlingoti, na magoti yalimsumbua, kwa hiyo kila asubuhi aliyapaka dawa ya kuchua yenye harufu kali ya kafuri mpaka hema zima likapiga chafya. Siku ya kushuka ukungu uliwafunika kwenye ule mteremko mrefu wa mawe, na wageni walikuwa na basi la kuwahi. Kila kona kiongozi aliita, na kila kona alijibiwa. Alijibiwa kwenye mawe, akajibiwa msituni, akajibiwa hatua ishirini kabla ya lango la hifadhi. Akatia saini kitabuni kwamba wote wameshuka. Alipogeuka kumkabidhi mdogo wake kalamu, nyuma ya mgeni wa mwisho hapakuwa na mtu.

Walimtafuta siku nne. Waliiona fimbo yake ya kutembelea, imesimamishwa wima kati ya mawe mawili juu kabisa, mahali pa kona ya kwanza. Zaidi ya hapo hawakuona hata kitambaa.

Kiongozi alimweleza mama yao kila kitu. Alimwapia kwamba alimsikia, mara zote alimsikia. Mama alimtazama kama anayemtazama mtu wa kudai kodi, akasema, “Mimi nilizaa mtu. Sikuzaa sauti.” Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwa mwanawe huyu. Walikaa nyumba moja mwaka mzima. Alimpikia, alimfulia, alimwekea sahani mezani, na hakufungua mdomo. Kuna matusi ambayo mtu angeyapokea kwa mikono miwili kuliko kimya cha namna hiyo.

Kwa hiyo ofisi ya hifadhi ilipomrudisha kazini, hakurudi kwa ajili ya mlima wala wageni. Alitaka kumpata mdogo wake, hata mfupa mmoja, ampelekee mama, naye mama aseme neno. Lolote lile.

Mkia wake sasa alikuwa mwanamke mkakamavu aliyeanza kama mpagazi, aliyeitwa Dada Buti kwa sababu ya viatu vya kiume alivyorithi kwa mumewe na kuvijazia soksi. Usiku ule, wageni walipolala, alimfuata kiongozi penye jiko.

“Nawe umeisikia,” alisema kwa kunong’ona.

“Ni mdogo wangu.”

“Si mdogo wako, kaka. Ni jini la huku juu. Hili halina sauti yake, linaokota za watu. Wewe uliita, mtu wa kuitika akawa hayupo, likaona nafasi ya kazi iko wazi, likaichukua.”

“Na kama ni yeye? Kama bado...”

“Mwaka mzima? Kwenye baridi hii?” Akatazama gizani, akasogea karibu zaidi. “Sikiliza. Likiita, usiitike. Na chonde chonde, usilikaribishe popote. Mgeni wa aina hiyo akishaambiwa karibu, haagi.”

Kiongozi akaitikia kwa kichwa. Wanaume huitikia kwa kichwa mambo mengi.

Siku ya pili walifika kambi ya juu. Sauti haikusikika, ila asubuhi yake muuguzi mkubwa aliuliza nani anajichua kwa dawa ile kali, maana hema lao lilinuka kafuri usiku kucha, na yeye anayeijua hospitali alishindwa kulala. Mpishi alijibu kwamba pengine ni supu yake. Wageni wakacheka. Wapagazi waliangaliana, wakafunga mizigo yao upesi kuliko kawaida.

Siku ya tatu ikawa ya kushuka mteremko wa mawe.

Ukungu uliwakuta kwenye kona ya kwanza, saa nane mchana, mweupe na mnene kama maziwa. Kiongozi hakuita. Alirudi nyuma, akawapita mwalimu, maharusi na wauguzi, akamshika Dada Buti mkono. Kona ya pili akafanya vilevile. Kona ya tatu alikuwa njiani kurudi mbele, kati ya wageni na ukungu, aliposikia upande wa kushoto, kule kusiko na njia, kule ambako mlima unakatika ghafla:

“Kichwa!”

Akasimama.

“Kaka. Nipo. Magoti yananiuma.”

Hakuitika, alikumbuka aliyoambiwa, lakini mguu wake ulikwisha kutoka njiani kabla hajauamuru, na wa pili ukaufuata, na mawe madogo yakaanza kuporomoka chini yake bila kusikika yakifika popote, na harufu ya kafuri ikampanda puani hadi macho yakamtoka machozi, au labda yalikuwa machozi ya kweli, hakujua, alijua tu kwamba mbele yake ndani ya weupe ule kulikuwa na kitu kirefu kilichosimama kwa kuegemea upande mmoja kama alivyosimama mdogo wake magoti yalipomzidi, kitu kisicho na uso wala mikono, urefu mtupu, nacho kilikuwa kikirudi nyuma hatua moja kila yeye aliposogea hatua moja, kikisema kwa sauti ile ile iliyowahi kumwomba peremende, kumwomba shati la kuazima, kumwomba nafasi ya kazi mlimani, “Kaka, mbona hukunishika mkono?”

Hapo moyo ukamvunjika kabisa. Alijua si yeye. Na tusimwonee, alijua vizuri sana. Lakini swali lilikuwa la haki.

“Njoo,” akanong’ona, akilia. “Njoo basi, twende nyumbani. Mama anakungoja.”

Ukungu ukanyamaza. Kile kirefu hakikuwepo tena, na harufu ikakatika ghafla, na mkono mgumu ukamdaka ukosi kutoka nyuma, ukamvuta hadi akaanguka kwa makalio juu ya njia.

“Una wazimu?” Dada Buti alikuwa anahema. “Hatua mbili tu zilibaki! Umelisemesha?”

“Hapana.”

“Kaka, umelisemesha?”

“Nimekwambia hapana.”

Akamshika mkono, na hakuuachia mpaka msituni.

Kushuka kulikuwa kwepesi kuliko walivyotarajia. Ukungu uliondoka, ndege wakarudi kulia, maharusi wakagombana kuhusu picha. Usiku wa mwisho mwalimu aliita majina tena na hakuna aliyezidi. Mpishi alisema kimeshindwa hicho, kimeona sura ya Dada Buti kikakimbia, na kwa mara ya kwanza wapagazi wakacheka cheko la kweli. Asubuhi, langoni, kiongozi aliwapitisha mmoja mmoja, akamgusa kila mtu begani, ndipo akatia saini. Wote walitimia. Askari wa hifadhi alimpigia saluti ya utani.

“Umeona?” Dada Buti alimwambia walipoagana. “Likikosa wa kuliitika, hubaki huko huko kwake.”

Alitamani kumwambia. Lakini wakati huo alijisikia mwepesi, na mtu akijisikia mwepesi baada ya mwaka mzima, haulizi mzigo wake umebebwa na nani.

Alifika nyumbani saa sita mchana, jua likiwa utosini. Mlangoni alisikia jambo lililomfanya asimame na begi mgongoni. Mama yake alikuwa akiimba. Aliimba kwa sauti ya chini, huku akikata vitunguu, kama zamani.

“Mwanangu!” Mama alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga, akamkumbatia. Akamkumbatia yeye, ambaye kwa mwaka mzima hakupewa hata jicho. “Nisamehe, baba. Nisamehe sana. Nilikunyima neno langu, kumbe ulikuwa ukimtafuta. Mbona hukunipigia simu kuniambia umempata? Amefika tangu jana jioni.”

“Nani, mama?”

“Nani tena!” Akacheka, akampiga bega. “Keti, chakula tayari.”

Meza ilikuwa na sahani tatu. Mlango wa chumba chao cha utotoni ulikuwa umefungwa, na pazia la dirisha lake limeshushwa mchana kweupe. Chini ya mlango, ikipita taratibu kama maji yanayovuja, ilikuja harufu ya kafuri.

“Hatoki,” mama alisema akipakua. “Anasema mwili wote baridi, mwanga unamuumiza. Nikimwekea chakula hali. Ila nikimwita anaitika. Usiku kucha nimemwita, na kila mara anaitika.” Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha na yaling’aa kwa furaha. “Hebu mwite mdogo wako aje tule.”

Kiongozi hakumwita. Aliutazama mlango, akaitazama mikono yake mwenyewe, kisha akauliza lile swali moja ambalo kazi yake ilikuwa imemfundisha, na alilojifunza kwa kuchelewa.

“Mama. Umemshika?”

Upawa ukasimama juu ya sufuria. Mama yake hakumtazama. Alitazama sahani ya tatu, ile tupu, na usoni mwake furaha haikuondoka, ila iliganda. Kiongozi akaelewa kwamba mama yake alijua, pengine tangu mwito wa kwanza, na kwamba alikuwa amechagua. Mwaka mmoja wa kimya chake ulikuwa umemfikisha mahali pa kupokea hata kile alichosema hakukizaa: sauti.

“Kula,” mama alisema polepole. “Kinapoa.”

Kisha, bila kugeuka, akaliita jina la mwanawe mdogo kwa sauti nyororo, na kutoka chumbani wakaitikiwa.